Kopo la Choroko

Kila Jumamosi, Kausar alipomaliza kufagia baraza la duka lao pale Ngokolo, mjini Shinyanga, aliketi kando ya simu. Ilikuwa mwaka 1996, na simu ya kulipia mtaani ilikuwa hiyo moja tu.

Baba yake, Mzee Mohsin, alikuwa ameomba laini ya pili. Ofisi ya simu ikamtaka kwanza aonyeshe kwamba inahitajika. Ndipo akamwekea binti yake makopo mawili.

"Mteja akipiga simu, tia punje ya mahindi humu. Akichoka na foleni akaondoka, tia choroko humu. Ila usimcheleweshe mtu."

Kausar alijivunia duka lao kupita kiasi. Kila choroko aliiona aibu: watu si watasema kwa Mohsin hakuna huduma! Basi mahindi aliyatia koponi, choroko akazirudisha guniani kimyakimya.

Jumamosi moja Mama Mabula alisubiri mpaka jua likamchosha. Mumewe alichimba dhahabu Geita, na kila Jumamosi alingojea simu ya mkewe kwenye duka moja la huko.

"Shikamoo, Mama Mabula. Mbona unaondoka?"

"Marahaba, mwanangu. Mabula ana homa, nimemwacha na jirani. Na baba yake wala hajui."

Aliondoka akijifuta macho. Kausar alishika choroko, akasita, kisha akairudisha guniani.

Jioni alifika Bwana Marcel wa ofisi ya simu, akachungulia makopo.

"Mahindi tele, choroko hakuna! Mzee Mohsin, kila mtu anahudumiwa. Laini ya pili ya nini tena?"

Kausar alimkumbuka Mama Mabula, machozi yakamlenga.

"Baba, nisamehe. Choroko nilizirudisha guniani. Niliona zitatuaibisha."

Bwana Marcel alimtazama, akatabasamu. "Basi Jumamosi ijayo uhesabu upya, nami nitakaa hapa nione."

Safari hii kopo la choroko lilifurika. Miezi michache baadaye mafundi walikuja na nyaya zao, na Mama Mabula akapiga simu bila kusubiri.

"Baba Mabula! Mwanao siku hizi anamaliza ugali wote!" Baraza zima likacheka. Kisha akamgeukia Kausar. "Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Mzee Mohsin alimshika binti yake bega. "Umeona? Choroko ulizozificha zilikuwa watu wenye shida. Ukionyesha mazuri peke yake, nani atajua kwamba wapo wa kusaidiwa? Sema kweli hata pale inapokuaibisha."

Kausar aliitikia kwa kichwa. Hata kwa laini mbili, mteja mmoja alikuwa amechoka kusubiri, anashuka barazani. Kausar akachukua choroko, akaitia koponi.