Bendera Iliyogoma Kushuka

Jumatatu, saa nane mchana.

Chumba cha nyuma cha baa ya Perrine, pale bandari ya Saint-Malo, Ufaransa, kilinuka samaki na soksi mbichi. Wanaume watatu. Mlango umekomewa. Nahodha Trémaudan aliweka kipande cha mkate katikati ya meza.

"Huyu ni Mwingereza. Anarudi kwao na sukari. Jumatano asubuhi anapita hapa." Akasogeza ganda la chaza. "Hawa ni sisi. Tumepandisha bendera ya Waholanzi, tunavuja maji, tunalia kuomba msaada. Tukishamkaribia, bendera ya uongo inashuka, ya mfalme inapanda, ndipo Gildas anapiga mzinga. Kwa mpangilio huo huo. Mnanisikia?"

"Kila safari wimbo ni huu huu," alisema Gildas, mpiga mizinga, ambaye alikwisha kumtafuna nusu Mwingereza.

"Na nitauimba tena. Kibali cha mfalme cha kuteka meli za adui kinatufanya wawindaji. Ukipiga mzinga chini ya bendera ya watu wengine, wewe ni haramia. Mateka wakifika bandarini, hakimu anawahoji mmoja mmoja. Wakitaja bendera, tunanyongwa."

Mathurin, mshika usukani, alisikiliza akisugua magoti. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na bahari alikuwa ameichoka vibaya sana. Bendera ilikuwa kazi yake, maana kamba yake ilifungwa pale pale alipokaa na usukani.

"Mimi nataka mtu mmoja tu, Nahodha."

"Najua. Mshika usukani wao, akiwa hai."

Wafungwa wa vita, Wafaransa na Waingereza, walibadilishwa cheo kwa cheo. Briac, mdogo wake Mathurin, naye mshika usukani, alikuwa mwaka wa tatu katika gereza la meli mbovu kule Plymouth, Uingereza, akikohoa damu. Apatikane mwenye cheo kama chake, arudi nyumbani. Mathurin hakuwa na sababu nyingine ya kupanda chombo tena.

"Utampata. Mkono wangu huu," alisema Trémaudan.

Jumatano, saa mbili asubuhi.

Mwingereza alionekana. Mzito, mpole, matanga yamelowa. Wenzake Mathurin walijilaza chini na shoka zao. Wawili tu walisimama, wakipunga kofia na kulia kama wajane.

Saa mbili na nusu.

Mwingereza alipunguza mwendo. Huruma yake ndiyo iliyomponza.

"Sasa!" Trémaudan alinong'ona.

Mathurin alivuta kamba. Haikuja. Akavuta tena. Mungu wangu! Miaka ishirini alikuwa amevua samaki kwenye bahari ya barafu, ambako kila fundo hufungwa mara mbili ili upepo usile tanga. Alfajiri ile, amechoka, vidole vimekufa ganzi, mikono yake ilikuwa imefunga bendera kivuvi.

"Subiri, Gildas! Subiri!"

Lakini Gildas alikuwa akihesabu kimoyomoyo, kama walivyozoea. Alipofika kumi, akawasha.

Mzinga ulilia. Bendera ya Waholanzi ilikuwa bado inapepea juu ya vichwa vyao.

Saa tatu.

Mwingereza alisalimu amri. Kijana wao mmoja alikuwa amekufa. Kumi na mmoja walibaki, wakasukumwa tumboni mwa meli yao, mfuniko ukafungwa. Mmoja wao, Hobday, mkono ulikuwa umevunjwa na kipande cha mbao. Ndiye mshika usukani.

Trémaudan, aliyebaki kwenye chombo chake, aliwapazia sauti Mathurin na wenzake waliokuwa wamehamia meli ya Mwingereza. "Pakieni sukari mnayoweza! Kisha toboeni meli!"

"Na watu je?" Mathurin aliuliza.

"Watu gani? Mimi sijaona watu."

"Nahodha, uliniahidi!"

"Nilikuahidi kabla hujatutia kitanzi, mzee! Haya, mchukue huyo mmoja, umwapishe afunge mdomo. Wengine waende na meli."

Kumbe bado angeweza kumpata. Mathurin alisimama na shoka mkononi. Mmoja kwa Briac. Kumi majini, kwa fundo lake yeye.

Saa tatu na robo.

Magunia yalikuwa yakipita upande wa kushoto. Upande wa kulia, usioonekana na Trémaudan, ilining'inia mashua ya Waingereza. Gildas alimkuta Mathurin akiinua mfuniko.

"We mzee, umerukwa na akili? Atatuua!"

"Wewe na mimi ndio tuliopiga, Gildas."

"Nina watoto wanne, bwana!"

"Basi geuka. Hukuniona."

Gildas alitukana, akatema mate, akageuka.

Walishuka wote kumi na mmoja. Hobday aliutazama mkono wake, akaitazama bahari iliyochafuka. Alijua Kifaransa cha bandarini.

"Nani atashika usukani? Mimi siwezi. Hawa ni wavuta kamba tu."

Mathurin alitazama nyuma. Trémaudan angempiga risasi kabla ya chakula cha mchana, hilo halikuwa na mjadala. Lakini si hilo lililomsukuma. Alikuwa amechoka kuwaacha watu nyuma.

"Sogeeni," alisema, akaingia mashuani.

Saa tatu na dakika arobaini.

Trémaudan aliwaona. Risasi zikaja. Mwingereza mmoja alianguka majini bila kelele. Mathurin aliielekeza mashua kwenye miamba ambako nahodha mwenye akili asingewafuata, akawapitisha katikati, meno yameuma mdomo mpaka damu.

Jumamosi, saa kumi jioni. Plymouth.

Baada ya siku tatu za kuvuka bahari, mashua ilifika, na Hobday alimtetea Mathurin kwa maafisa wa Kiingereza mpaka sauti ikakauka. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa Mathurin blanketi na nambari ya mfungwa. Adui ni adui.

Ndani ya meli mbovu, hewa ilinuka majimaji na vidonda. Alipita kati ya miili, akiinama, akitaja jina moja. Kwenye kona, mtu mwembamba mwenye ndevu za mzee aliinua kichwa.

"Kaka?" Briac alikohoa, akajaribu kukaa. Macho yake yalijaa. "Umekuja kunitoa!"

Mathurin alifungua blanketi, akamfunika.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Sogea nilale."