Sahani Aliyoikataa Mwalimu Melkiadi

"Amekataa chakula changu, Harerimana! Mbele ya wazee—"

"Mama Generosa, hajakataa, kasema ameshi—"

"Ameshiba nini? Upepo? Amefundisha tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni!"

"Punguza sauti, mkwe yuko hapo nje."

"Mkwe wa nani? Mtu anayedhani nitamtilia sumu!"

Melkiadi aliyasikia yote. Alikuwa amejikunja nyuma ya jiko, kashika tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

Ndugu zangu, mnatujua watu wa Buha. Ukikataa chakula cha mtu, umemwita mchawi. Na Melkiadi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Rungwe Mpya, mwaka ule wa sabini na sita, alikuja kumposa Generosa. Nusu saa kabla walikuwa mkekani wanacheka vizuri tu. Yakaja maharage yanafuka moshi, na tumbo likaamka.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu sasa. Leo linajaa kama ngoma na choo hakitoki, kesho linakata na lazima akimbie. Likitulia wiki anadhani kapona. Akipata wasiwasi kidogo tu, hilo! Zamani mtu akibanwa alipotelea migombani, yakaisha. Siku hizo Operesheni Vijiji imetupanga mistari, mlango unatazama mlango. Melkiadi akitoka mbio darasani, kijiji kizima kinamsindikiza kwa macho. Athuman mwenye duka ndiye hakosi: "Mwalimu, treni ya leo imewahi!" Watu wanacheka. Hata mimi nilicheka, nakiri.

Basi akaacha kula mchana. Akaacha kwenda harusini. Akaacha kupanda basi la Kibondo kumwona mama yake. Kijana wa miaka ishirini na minne, kafungwa na tumbo lake mwenyewe, na hakumwambia mtu. Hata Generosa.

Jioni ile posa ikarudishwa. Kukapambazuka na maneno: mwalimu karogwa. Kaka yake Didas, kwa kumpenda, akamletea mtu mwenye kibuyu cha dawa ya kutoa sumu. Melkiadi akanywa. Akaharisha siku mbili mpaka macho yakaingia ndani. Siku ya tatu wakambeba kwenye machela hadi hospitali, Kasulu.

Dakta Nicodemus, mtu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alipima kinyesi, akapima damu, akamlaza wiki nzima.

"Minyoo huna. Amiba huna. Sumu pekee ilikuwa ya kile kibuyu. Utumbo wako ni mwepesi kushtuka, kijana. Hautakuua, ila utakunyima raha. Kula kidogo kidogo, kijue chakula kinachokuchokoza, na uache kujificha. Hofu ya kuumbuka inauchochea."

"Nimwambie nani, dakta?"

"Anza na huyo uliyemkatalia maharage."

Akaenda. Akasimama uani kwa Harerimana, shati linampwaya.

"Mama Generosa, sikuogopa mkono wako. Naogopa maharage. Nikila nakimbia mara sita. Aibu yangu ndiyo hiyo, nimeimaliza."

Generosa mlangoni akashusha pumzi. "Kumbe hiyo tu? Nilidhani una mke Kibondo!"

Mama yake akakaa chini. "Si ungesema nikupikie ndizi? Mimi nimekusema kijiji kizima!" Akajifuta macho kwa kanga.

"Mkinipokea tena," Melkiadi akasema, "kabla ya mahari nitawachimbia choo hapa nyuma, karibu. Nikija nisikimbie mbele za watu."

FUNZO

Vijana, tumbo linaugua kama jino linavyougua. Mwambieni mtu, nendeni hospitali, msimeze kila kibuyu. Nanyi wazazi, mtu akisukuma sahani, muulizeni anaumwa nini kabla hamjaulizana nani mchawi. Na wewe mchekaji, jua kwamba kicheko chako kinamkosesha mwenzio chakula.

Hapo ndipo ningenyamaza, ila kuna kitu sijawaambia. Mzee Harerimana hakuwahi kumaliza mkutano wa kijiji hata mmoja. Kila mara katikati anasimama, anaondoka, na sisi tunasema ana dharau. Siku ile, choo kilipotajwa, alikuwa ameketi pale pale uani. Akamtazama mkewe, akatazama chini, akakohoa.

"Mkwe," akasema polepole, "hicho choo... nakuomba ukichimbe cha matundu mawili."