Krimu ya Nabalayo

Kila asubuhi Nabalayo aliteka maji kwenye mfereji wa uani, akaosha uso, akavaa sare. Aliishi mtaa wa Kaloleni na mamake, ambaye aliuza mitumba katika mtaa wa Mbotela. Mwaka huo wa 1996 alikuwa darasa la saba, na chunusi zenye usaha zilikuwa zimemjaa usoni. Wenzake walimcheka hata akawa anakaa dawati la nyuma.

Mamake alimpeleka kwa Daktari Kinyanjui, mtaalamu wa ngozi. Daktari alimpa krimu yenye dawa ya jamii ya vitamini A. Alieleza kwamba huzibua vitundu vya ngozi vilivyoziba, ila huchukua kama miezi mitatu. Apake kiasi cha punje ya njegere kabla ya kulala, na mchana ajikinge na jua.

Nabalayo hakutaka kungoja. Alipaka asubuhi, akitoka shule na kabla ya kulala. Baada ya wiki mbili uso ulivimba, ukawaka kama umepakwa pilipili, na ngozi ikaanza kubanduka.

Walirudi kwa daktari. Alipoulizwa, Nabalayo alijibu kwamba alifuata maagizo yote. Daktari akasema basi dawa hiyo haimfai, itabidi aiache kabisa. Akachukua kalamu aandike.

Nabalayo akamzuia.

"Daktari, nimedanganya. Nilikuwa napaka mara tatu kwa siku. Nilitaka nipone haraka."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwagiza apumzishe ngozi mpaka itulie, kisha aanze upya, siku moja apake, siku moja aache.

Haikuwa rahisi. Kwanza chunusi ziliongezeka, kama daktari alivyomwonya. Rafiki yake Wacuka alimshauri atumie sabuni kali ya sokoni. Nabalayo alikataa. Alivaa kofia, akapima punje yake, akatia alama kwenye kalenda.

Kufikia mwezi wa nne wa kutumia dawa, chunusi nyingi zilikuwa zimekauka, yakabaki makovu machache. Wacuka akamwomba krimu kidogo. Nabalayo alimwambia dawa ya mtu mmoja si ya mwingine, aende akapimwe.

Nabalayo na mamake walipomsimulia Daktari Kinyanjui hayo yote, alitabasamu.

"Umefanya vyema," akasema. "Dawa nzuri ikizidishwa hudhuru. Lakini kumbuka hili pia: daktari hutibu kwa kile anachoambiwa. Ungeficha ukweli siku ile, ningekunyima dawa iliyokuponya."