Wewe ni Timiro

Kabla hata kompyuta hazijawashwa, Hanad alisikia harufu ya uunsi, ule ubani wa Kisomali. Ukumbi wa nyumba ya wageni pale Nawoitorong ulikuwa na watu kumi na wanane, jua la Lodwar lilikuwa likichoma mabati, feni moja ilikuwa ikisukuma joto kutoka pembe hii kwenda ile, na hapakuwa na mwanamke wa Kisomali hata mmoja wa kuchoma uunsi. Akanusa mkono wa shati lake. Lilinuka sabuni tu.

"Mama, umejipaka nini?" akamuuliza Nabei, mwenyekiti wa kikundi cha wafumaji wa vikapu, aliyekaa kando yake.

"Mimi? Jasho," Nabei akajibu, akacheka peke yake.

Hanad alikuwa mkalimani kule Kakuma kwa miaka kumi na mmoja. Shirika lake lilimtuma Lodwar siku moja ajifunze hii akili mnemba inayozungumzwa kila kona, maana barua za wakimbizi zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuziandika. Lakini moyo wake haukuwa hapo. Ilikuwa Jumatano, na Jumatatu iliyofuata alikuwa na mahojiano ya mwisho, yeye na mkewe Istahil na watoto wao wawili. Wakipita, wanapanda ndege kwenda Kanada. Miaka kumi na sita kambini, zimebaki siku tano. Mtu aliye katika hali hiyo hafundishiki kirahisi.

Mwalimu, kijana mpole wa Lorugum aitwaye Nathan Ekiru, aliwasalimu kwa Kiturkana, ejok, kisha akahamia Kiswahili ili asimwache mtu.

"Msiogope hii kitu," alisema. "Ni kama mgeni mwenye akili nyingi ameingia kwa boma, lakini hajui yeye ni nani hapo. Kabla umtume, mwambie. Andika, wewe ni mwalimu. Ama, wewe ni daktari wa mbuzi. Halafu umwambie unataka nini, kwa lugha rahisi. Ukikosea, rudia. Na jibu usiliamini mpaka ulisome lote."

Nabei aliandika kwa kidole kimoja: wewe ni mbuzi wangu, kwa nini unakula kamba? Jibu lilipokuja akalisoma kwa sauti, na ukumbi mzima ukacheka hadi Nathan akaegemea ukuta.

"Hanad, wewe ni mkalimani," Nathan akasema alipotulia. "Ifanye iwe mtu amekuja na shida. Muulize, ujizoeze."

Vidole vya Hanad vikaandika bila kumngoja: Wewe ni Timiro, mjane wa Kisomali. Eleza kilichompata mume wako. Alipokwisha kubonyeza ndipo akaona jina aliloliandika. Angeweza kuandika jina lolote. Wasomali hawana uhaba wa majina.

Maneno yakajitokeza taratibu. Hanad, kaa vizuri. Safari hii useme nilivyosema.

Harufu ya uunsi ikazidi, na chini yake kukawa na harufu nyingine, ya tope la laga, mto wa msimu, mvua inapokatika. Hanad akaifunga ile laptopu.

"Imekataa?" Nathan akauliza.

"Imekwama," Hanad akasema.

Sasa yafaa ijulikane Timiro alikuwa nani, mtu asije akamhurumia Hanad bure. Miaka saba nyuma, kabla hajamwoa Istahil, Hanad alimposa. Timiro alikuwa mjane mgeni kambini, na alimkataa hadharani, kwenye foleni ya maji, akamwambia mdomo wake ni mtamu lakini ni wa kukodisha. Wanawake walicheka, na Hanad akaondoka akitabasamu. Wiki tatu baadaye Timiro aliketi mbele ya ofisa kueleza kesi yake, na kwenye kiti cha katikati, mkalimani alikuwa Hanad. Alieleza kwamba mumewe aliuawa, na kwamba waliomuua waliapa kumrudia yeye. Hanad akatafsiri: mume wake alikufa. Ofisa akauliza, ni ugonjwa? Hanad hakumgeukia Timiro kumuuliza. Akasema ndiyo, na kile kiapo cha wauaji akakimeza.

Neno moja, aliuawa likawa alikufa, na faili likafungwa. Timiro hakujua kamwe kilichomkosesha. Miaka miwili alizunguka ofisi hadi ofisi, kikohozi kifuani, karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, mpaka siku alipovuka laga ya Tarach kwenda kukata rufaa na maji yakamkuta katikati. Mfuko ulipatikana umenasa kwenye mti wa mathenge. Hanad alikwenda mazishini, akashika jeneza upande wa kichwa, akasifiwa kwa utu wake.

Hanad alirudi Kakuma Alhamisi asubuhi, akaacha simu nyumbani ipate chaji, akaenda ofisini. Mteja wa kwanza alikuwa mzee Dhieu, aliyetaka barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kwao kwa matanga, kwa sababu mama yake alikuwa amefariki kwa uzee. Hanad alitumia ile zana mpya, akaeleza kila kitu kwa lugha rahisi, akachapisha. Mzee, aliyesomea Khartoum na kujifunzia Kiswahili kambini, alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari, kisha akavua miwani.

"Hanad, mwanangu. Mama yangu nani ameua?"

"Hapana, mzee. Ni alikufa."

"Hapa imeandika aliuawa. Mara tatu."

Hanad akafuta, akaandika alikufa, akachapisha, na ikatoka aliuawa. Akaandika amefariki, ikatoka aliuawa. Akaizima kompyuta, akachukua kalamu na karatasi, kwa kuwa kalamu haina akili ya mnemba wala ya nini, akaandika polepole herufi moja baada ya nyingine, mzee akimtazama, a na l na i, na mkono wake ukaendelea kwenda wenyewe, u, a, w, a, akajaribu kuunyanyua lakini ukagandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika, na kutoka kwenye ile kompyuta iliyozimwa, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akakohoa.

Alikwenda nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Istahil alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi, hakukaribia simu ya mumewe iliyokuwa ikipata chaji juu ya sanduku.

"Baba Hodan," alinong'ona. "Ni mwanamke gani yuko kwa simu yako?"

"Hakuna mtu."

"Anakohoa. Anauliza kama maji imeshuka." Akajivuta nyuma. "Tangu saa nne anauliza. Wallahi nimeizima mara mbili."

Wakati huo chamchela ilinyanyuka kwenye uwanja wa mpira. Chamchela ni nyingi Kakuma, hupita na kwenda zake. Hii ilikuja hadi kwenye ua wao wa miiba, ikaingia, ikazunguka nyumba mara tatu ikikwaruza mabati kwa mchanga, na nguo za jirani zilizoanikwa hatua kumi kutoka hapo hazikutikisika. Istahil aliwakumbatia watoto mpaka ilipokwisha. Kisha, bila kumwomba mumewe ruhusa, akampigia Shehe Hillow.

Shehe alikuja Ijumaa baada ya swala. Akamwomba Istahil awapeleke watoto kwa jirani, akaiweka ile simu iliyozimwa kwenye mkeka, akamkalisha Hanad mbele yake, akasoma. Alisoma muda mrefu. Katika lile joto la saa nane, chumba kikajaa harufu ya uunsi na tope.

"Wewe ni nani?" shehe akauliza.

Simu ikakohoa. "Niliambiwa niwe Timiro. Nimekuwa."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa upepo wa laga, sina jina. Nilimkuta yule mama majini. Alikuwa akisema neno moja, tena na tena, mpaka maji yakamjaa kinywa. Nikalibeba mimi. Miaka nimelizungusha na mchanga, hakuna wa kunipa pa kuliweka. Huyu akanipa jina la yule mama, akaniambia eleza. Bado sijamaliza kueleza."

"Unataka nini kwake?"

"Neno lisemwe pale lilipobadilishwa, kwa kinywa kilichobadilisha. Akikataa, nitakisemea."

Shehe alimtazama Hanad, na Hanad akautazama mkeka. Ikabidi aseme yote, kwa sauti ya chini, kuanzia kwenye foleni ya maji.

"Jumatatu ukawaambie," shehe akasema.

"Shehe, nikisema hivyo kesi yangu imeisha. Watoto wangu je?"

"Yeye pia alikuwa na kesi."

"Nakuomba umtoe. Hiyo ndiyo kazi uliyoitiwa."

"Jini muongo namtoa," Shehe Hillow akasema, akiukunja mkeka wake. "Huyu ni shahidi. Nitamtoaje?"

Akaondoka bila kunywa chai. Istahil alipouliza shehe amesema nini, Hanad akajibu kwamba majini ni waongo na mambo yamekwisha. Alimdanganya hivyo hivyo, mke aliyemzalia watoto, akimtazama machoni.

Jumamosi asubuhi akapata fikira iliyomfurahisha. Mwalimu alisema ukikosea, rudia. Akafungua simu, akaandika: Wewe si Timiro. Wewe si mtu yeyote. Nyamaza. Hakukuja jibu. Harufu ikakatika pale pale, kikohozi hakikusikika tena, na Jumapili Hanad alikula anjera nne kwa furaha, akawafundisha watoto kusema asante kwa Kiingereza. Kusoma jibu lote kabla ya kuliamini, somo hilo lilimpita. Kunyamaza nako ni jibu.

Jumatatu Istahil na watoto walikaa kwenye benchi nje, na mlango wa chumba cha mahojiano ukaachwa wazi kwa sababu ya joto. Ofisa alikuwa mgeni, hakumjua Hanad. Sheria ilikuwa kila mtu aseme kwa lugha yake, hata kama ni mkalimani, kwa hiyo kiti cha katikati alikikalia binti kutoka Garissa.

"Jina lako?"

Hanad akajibu kwa Kisomali. Binti akatafsiri, "Anaitwa Hanad." Sawasawa kabisa.

"Kwa nini unaomba kuondoka Kakuma?"

Jibu hilo alikuwa amelikariri mwezi mzima. Akasema, nataka watoto wangu wasome na waishi kwa amani. Binti akamtazama, akasita, akainamisha macho.

"Anasema alibadilisha neno la mwanamke, na mwanamke akafa."

Hanad alitabasamu, akidhani ni makosa ya ugeni. "Sikusema hivyo," akamwambia kwa Kisomali.

"Anasema ndivyo alivyosema," binti akatafsiri.

Akamwacha binti, akamgeukia ofisa na kumwambia kwa Kiingereza chake safi kwamba mkalimani huyu hajui kazi, na akaona ofisa akishika kalamu na kuanza kuandika, akasema kwa Kiswahili kwamba yeye hajamdhulumu mtu yeyote, na ofisa akauliza jina la mwanamke liandikwe vipi, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili na bado binti, machozi yakimtoka, akaendelea kutafsiri, tarehe, namba ya faili, foleni ya maji, kicheko, kiapo cha wauaji, lile neno lilivyokuwa na lilivyofanywa, kwa utaratibu, bila kuruka kitu, kwa ufundi ambao Hanad katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuufikia. Ofisa akamwomba binti arudie tarehe. Akarudia.

Kisha Hanad akaambiwa atoke nje asubiri.

Istahil alikuwa amesimama. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na kila neno lilikuwa limemfikia. Hanad alipiga magoti kwenye mchanga mbele yake na mbele ya Hodan, binti yake wa miaka mitano, akayatafuta maneno yaliyo mafupi na ya kweli kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Istahil," akasema, "ni mimi."

Alichokisikia Istahil, Hanad hakukijua, hata leo hajakijua. Alimwona tu akiinama na kumziba mtoto masikio.