Sauti ya Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka bondeni, Raheli aliamshwa na mambo matatu: jogoo, baridi na shangazi yake. Jogoo aliwika akanyamaza. Baridi aliizoea. Shangazi Paskalina ndiye hakuwa na mwisho, maana alishika sauti moja, mmmm, akaenda nayo tangu kupuliza moto hadi uji unachemka, wala huoni anapovuta pumzi.

"Shikamoo, Shangazi. Unapumulia wapi?"

"Marahaba. Puani, kama ng'ombe. Chukua ndoo."

Raheli alisoma darasa la sita katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto, njia ya kwenda Shume. Baba yake alisema kwamba maswali ya mtoto huyu yangekuwa viazi, yangelisha mkoa mzima wa Tanga. Na tangu Shangazi arudi kutoka Dar es Salaam, maswali yalipata shamba jipya.

Shangazi aliishi huko miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuitikia. Hakuwa mwimbaji mwenye picha kwenye jalada la santuri. Alikuwa nyuma ya mwenye picha. Bendi ikihitaji sauti za wanawake katika kiitikio, aliitwa. Aliimba asubuhi na hawa, mchana na wale, kisha akaenda zake. Jina lake halikuandikwa popote. Majirani walipouliza alifanya nini mjini miaka yote hiyo, aliwajibu kwamba aliitikia, nao wakadhani anawatania.

Siku moja redio ya duka la ushirika ilipiga wimbo, naye akasimama na kikapu chake cha kabichi. Alimnong'oneza Raheli kwamba katika zile sauti tatu za nyuma, ya chini ni yake. Raheli alibandika sikio kwenye redio mpaka mwenye duka akamwomba asiiangushe. Sauti ya chini hakuisikia.

Njia nzima ya kurudi aliuliza. Shangazi alimweleza kwamba katika chumba cha kurekodia mlikuwa na maikrofoni moja tu kwa ajili ya watu wote. Sakafuni palichorwa mistari ya chaki. Mwenye sauti ndogo alisimama karibu, mwenye sauti kubwa mbali, na mtu hakuvuka mstari wake. Bangili ziliachwa kikapuni na viatu mlangoni, visije vikalia. Macho yalikaa kwenye mabega ya kiongozi, kwa sababu mabega hupumua kabla ya mdomo.

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Mbali kuliko wote. Karibu na mlango."

Raheli akaona huo ni uonevu.

Kosa lake lilikuwa kuyapeleka mambo hayo shuleni. Aliwaambia wenzake kwamba shangazi yake anaimba redioni. Kornelio, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Hata bibi yangu ndiye anayesoma taarifa ya habari. Ila wiki hii ana mafua."

Darasa lilicheka siku tatu. Kila aliyepita karibu na Raheli alipiga chafya. Ukichekwa kwa uongo wako, unajua la kufanya. Kuchekwa kwa kweli yako ni kama kutembea na jiwe ndani ya kiatu.

Ndipo Mwalimu Abrahamu alipoleta habari. Ulikuwa mwaka wa kumi wa Uhuru, na gari la redio la kurekodi nyimbo za shule lingepanda kutoka Mombo. Kwaya yao ingeimba wimbo wao wa kuchimba matuta, ule wa shamba la shule: Klara anaongoza, wengine thelathini wanaitikia. Raheli aliwekwa miongoni mwa hao thelathini. Usiku huo hakuuliza swali hata moja, na Shangazi alimtazama mara mbili. Raheli alikuwa ameshaamua. Sauti yake ingesikika redioni, wazi, yeye peke yake, na Kornelio angemeza chafya zake zote.

Siku ilipofika, watoto walileta mablanketi kutoka nyumbani wakayatundika madirishani ili darasa lisitoe mwangwi. Kuku walifukuzwa hadi ng'ambo ya barabara. Fundi aliyekuja na gari, Bwana Mbaraka, alisimamisha maikrofoni katikati ya darasa na kuchora mistari ya chaki. Raheli alitazama kila kitu, waya, mkanda unaozunguka, taa nyekundu, na kwa muda akasahau hasira zake. Kila alichokiona alikuwa ameshasimuliwa.

Fundi aliwaeleza kwamba mkanda waliotengewa ulitosha kuimba mara mbili tu. Baada yao ilikuwa zamu ya watoto wa Mponde, ambao nao walikuwa wakingoja.

Walianza. Klara alitoa ubeti vizuri. Kilipofika kiitikio, Raheli akasogea mbele hatua moja. Kiitikio cha pili, nyingine. Cha tatu, vidole vyake vya miguu vilikuwa ng'ambo ya mstari wa mbele, na kinywa chake kilikuwa wazi kama mlango wa ghala.

Wimbo ulipokwisha alirudi mahali pake, na fundi akarudisha mkanda wasikilize. Klara alisikika, kisha ikatoka sauti moja kali iliyowafunika wenzake wote, kama mtu anayeita mbuzi kwenye mlima wa pili. Kwaya haikuwepo. Raheli alikuwa ametaka kujisikia, akajisikia, na masikio yakamwaka moto.

"Kuna aliyevuka mstari," alisema fundi. "Ni nani?"

Mwalimu Abrahamu alikagua sakafu. Mstari wa mbele ulikuwa umefutika karibu na miguu ya Dorkasi, mtoto mdogo wa darasa la nne aliyesimama mbele ya Raheli. Mwalimu alimwambia atoke nje, wimbo urudiwe bila yeye. Dorkasi hakubisha. Alianza kulia bila sauti, akaelekea mlangoni, na blauzi aliyoazimwa kwa ajili ya siku hiyo ilimfika magotini.

Raheli alitazama vidole vyake vya miguu. Vilikuwa na chaki. Angeweza kuvificha. Angebaki kwenye kwaya, na kungekuwa na mara ya pili.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Dorkasi hakusogea. Nilitaka nisikike peke yangu."

Mwalimu aliuliza kwa nini, naye akaeleza yote, pamoja na bibi mwenye mafua. Kornelio aliinamia viatu vyake. Mwalimu akamrudisha Dorkasi mahali pake, akamwambia Raheli kwamba yeye ndiye atakayetoka.

Shangazi Paskalina alikuwa nje na akina mama wengine walioleta chai ya kijiji, na alikuwa ameyasikia yote. Alibisha hodi, akaomba radhi, akavua kandambili zake na kuziacha kizingitini. Aliingia peku, akaokota chaki, akachora mstari mpya nyuma kabisa, kando ya mlango.

"Mwalimu, adhabu yake utampa kesho, nami nitaisimamia. Lakini kiitikio bila sauti hii kitakuwa chepesi. Sauti ya namna hii mahali pake ni hapa."

Fundi hakumtazama usoni. Alikuwa akitazama zile kandambili. Alimuuliza alijifunza wapi kuvua viatu kabla ya kurekodi. Shangazi alitaja chumba, mtaa na miaka. Bwana Mbaraka akacheka polepole.

"Nilikuwa nakaa upande wa pili wa kioo cha chumba kile, dada, macho kwenye mitambo. Nimekusikia miaka minne. Leo ndiyo nimejua una sura."

Mwalimu alikubali, wakaimba mara ya pili. Raheli alisimama mlangoni, mgongo kwenye baridi, macho kwenye mabega ya Klara. Klara alipopumua, naye alipumua. Mkanda uliporudishwa, ilisikika kwaya nzima, nene na moja, kama majembe thelathini yanayoshuka pamoja.

Kesho yake Raheli alichimba tuta zima la kabichi peke yake, Shangazi akiwa amekaa jiweni anasimamia kama alivyoahidi. Kornelio alikuja bila kuitwa, akachimba nusu ya tuta la pili. Hakupiga chafya.

Wiki kadhaa baadaye wimbo ulipigwa redioni. Kijiji kilijaa dukani. Kornelio alisikiliza sana, kisha akauliza sauti ya Raheli iko wapi. Raheli alisikiliza pia. Hakuipata.

Shangazi aliwaonyesha ukuta wa duka, uliokandikwa udongo mwezi uliopita.

"Fito ziko wapi hapo? Huzioni. Basi chomoa moja uone. Wanangu, kazi nyingi nzuri hufanywa na watu wasiotajwa. Simama mahali pako, fanya kwa bidii, na ukikosea sema mwenyewe, kabla hajalia mwingine kwa ajili yako."

Raheli akainua kichwa.

"Shangazi, fito ya kwanza husimamishwa wapi?"

"Mlangoni," alisema Shangazi. "Twende, uji unangoja."