Mikono ya Buluu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Pini aliingia chini ya meza ya baba yake kuokota vipande vya vitambaa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na shangazi yake pembeni akipiga pasi ya mkaa huku akiipuliza kama anaigombeza. Shangazi ndiye aliyempa jina hilo la Pini. "Mwembamba, na ukimgusa vibaya anachoma," aliwaambia wateja, kisha akacheka peke yake.

Siku hizo hata shangazi hakucheka sana. Fundi alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kushona sare mpya za shule nzima, ileile aliyosoma Pini. Cherehani zilinguruma tangu alfajiri. Ukimwuliza baba swali, alijibu kwa kichwa tu. Mama yake Pini alikuwa mji mwingine kikazi, na sauti yake ilikuja kwa simu siku za Jumapili, mara nyingi ikikatikakatika. Nyumba ilijaa kelele, lakini Pini hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Mtu huyo alikuwa shuleni. Pini alipohamia pale mwaka uliopita, watoto walimtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Msichana mmoja tu ndiye aliyemsogelea akamwuliza jina, na kabla hajajibiwa akaanza kumweleza habari za walimu wote, mmoja baada ya mwingine. Darasa zima lilimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Pini, ambaye hakuwa msemaji, alipata rafiki wa kumfaa kabisa: mmoja anasema, mwingine anasikiliza.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu Chiriku haji shule. "Mama yake amesema anaumwa," mwalimu alieleza. Pini alikwenda kwao mara moja, na mama huyo akamjibu mlangoni kwamba mgonjwa amelala. Basi wakati wa mapumziko Pini alisimama karibu na bomba akijifanya ana kiu. Wenzake walicheza mbele yake, wakipita kulia na kushoto, na hakuna aliyemwita. Watu wazima husema watoto hawana shida. Wanaosema hivyo hawajawahi kusimama penye bomba wakinywa maji wasiyoyataka.

Alhamisi moja baba yake alimtuma. "Kimbia kwa Mama Chiriku, mwambie vitambaa nivione kesho. Kesho, si keshokutwa! Akichelewa nitatafuta mtia rangi mwingine."

Mama yake Chiriku ndiye aliyekuwa akimtilia fundi rangi vitambaa vyake vyote. Alifanyia kazi hiyo uani kwake, katika mapipa yaliyokatwa na kuwekwa juu ya moto. Pini alipobisha hodi hakujibiwa. Akazunguka nyuma ya nyumba, akifuata mtaro uliotiririsha maji ya buluu. Mboga za jirani zilizopandwa kando ya mtaro huo zilikuwa zimenyauka.

Uani alimkuta Chiriku. Alikuwa amesimama juu ya matofali mawili, akikoroga kitambaa ndani ya pipa kwa mti mrefu, huku mvuke ukimpiga usoni.

"Umepona?" Pini aliuliza, ingawa jibu alikuwa akiliona.

"Sikuumwa." Chiriku hakuacha kukoroga. "Mama ameenda kununua magadi ya kukolezea rangi. Ukiacha kugeuza kitambaa kinashika madoa, na yeye peke yake hawezi. Baba yako anataka majora yote upesi upesi."

Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imepasuka kwa magadi na maji ya moto.

"Inauma?"

"Inauma nikinawa tu. Kwa hiyo sinawi." Ulikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

"Nitamwambia baba."

"Thubutu!" Chiriku alishuka kwenye matofali. "Akijua atamwacha mama, halafu sisi tutakula nini? Ukisema, Pini, mimi na wewe basi."

Pini akaacha ujumbe wa baba yake, akarudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyokwenda. Kabla ya hapo alikuwa na upweke wa kumngoja rafiki. Sasa alikuwa na siri pia, na siri humfanya mtu kuwa mpweke hata akiwa mezani na watu wake. Shangazi alimwuliza mara mbili kama ana homa.

Kesho yake majora yakaletwa. Fundi akatandaza kitambaa cha kwanza mezani, akakivuta dirishani penye mwanga. Uso ukamkunjamana. Mahali pengine rangi ilikuwa imekolea, mahali pengine imepauka, na madoa yametapakaa kama ramani. Akafungua cha pili na cha tatu, navyo vilikuwa vilevile.

"Hivi vimelala chini pipani bila kugeuzwa!" alifoka. "Mkorogaji gani mvivu namna hii? Kesho namrudishia kila kitu, na kazi yangu ataisikia kwa majirani."

Pini alikuwa chini ya meza, ngumi imejaa vipande. Akisema, atampoteza Chiriku. Asiposema, mama yake Chiriku atapoteza kazi, na Chiriku ataitwa mvivu licha ya mikono ile. Akatoka chini ya meza.

"Si mvivu, baba. Ni mfupi. Mti haufiki chini."

"Nani huyo?"

"Chiriku. Anasimama juu ya matofali, mikono imekuwa ya buluu, na bado haufiki." Kisha akalia kwa sauti, kama mtoto mdogo.

Fundi aliketi polepole. "Mtoto wa shule ndiye anayenifanyia kazi?" Halafu hasira zikampanda upya. "Basi ndiyo kabisa namwacha! Sitaki aibu hiyo."

Shangazi aliiweka pasi yake chini. "Ukimwacha, kaka, utakuwa umenawa mikono yako. Ya yule mtoto itabaki na rangi yake."

Fundi alivaa viatu, akamshika Pini mkono, wakaenda. Mama Chiriku aliwapokea uani akiwa amesimama wima, na binti yake alikuwa nyuma yake. Alisikiliza lawama zote mpaka mwisho.

"Fundi," alisema, "uliponipa kazi uliniuliza bei, ukaniuliza lini itakwisha. Hukuniuliza nitaifanya na nani. Nilikuomba wiki sita ukanipa tatu. Mimi nina mikono miwili tu."

Nyani haoni kundule, na siku hiyo fundi alionyeshwa lake mchana kweupe. Aliutazama mtaro, akazitazama mboga za jirani, kisha akamtazama mtoto.

"Kosa ni langu pia," alisema hatimaye. "Nilikubana, na wewe ukambana huyu."

Chiriku hakuwa akimtazama fundi. Alikuwa akimtazama Pini. "Ulisema," alimwambia kwa sauti ndogo, akaingia ndani na kufunga mlango.

Fundi alimwendea mwalimu mkuu kuomba sare zitolewe kwa awamu mbili, wadogo kwanza. Mwalimu mkuu alikataa, akisema ahadi ni deni. "Ni kweli," fundi alijibu, "lakini mmoja wa wanafunzi wako amekuwa akizitia rangi sare hizo badala ya kuja kuzivaa." Hapo mwalimu mkuu akakubali. Mama Chiriku alipewa malipo ya kwanza mapema, akamwajiri jirani mtu mzima, na glavu zikanunuliwa. Vitambaa vya madoa vilirudishwa pipani vikakolezwa upya.

Chiriku akarudi shule, lakini alikaa dawati la mbali na hakumwangalia Pini. Pini alirudi penye bomba lake. Safari hii ilimuuma zaidi, kwa sababu rafiki alikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata fundi aliwachukua Pini na shangazi kwenda uani kwa Mama Chiriku. Walikwenda kuchimba mahali pa kujengea birika la saruji la kutulizia maji ya rangi, ili yasiende tena mtaroni na yale ya juu, rangi ikishatuama, yatumike upya. Chiriku aliketi kizingitini, mikono imepakwa dawa, akijifanya hawaoni.

"Baba," Pini aliuliza huku akizoa udongo, "nilikosea kusema?"

Fundi aliegemea jembe. "Hukukosea. Mimi nilidhani kazi yangu inaanzia kwenye meza ya kukatia. Kumbe inaanzia hapa, kwenye pipa la mwenzangu. Kitu kikikujia upesi na kwa bei rahisi, mwanangu, uliza ni nani aliyelipa iliyobaki. Na ukimkuta mnayefanya naye kazi amekosea, usimkimbie. Ukimkimbia, kosa litabaki palepale, ila wewe hutaliona tena. Kaeni chini mlirekebishe wote."

Kisha sauti ikatoka kizingitini. "Maneno mazuri, fundi, lakini hilo shimo unalichimba kombo."

Shangazi alicheka hadi akaketi kwenye udongo. Chiriku akainuka, akaja akasimama kando ya Pini.

"Nilikukasirikia sana," alimwambia. "Halafu nikaona nimekasirika na sina hata mtu wa kumwambia kwamba nimekasirika. Mwalimu wa hesabu bado anakurushia mate pale mbele akifundisha?"

"Bado."

"Basi Jumatatu tukae nyuma kabisa, mimi na wewe."

Akaendelea kusema, la shule, la mapipa, la jirani na mboga zake, bila kupumua. Pini alizoa udongo machozi yakimtiririka, akasikiliza kila neno.