Mama Mwiko Asimama Tena

Kwa miaka thelathini na mmoja alipikia watoto wa shule. Alikoroga sufuria kubwa ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Watoto walimwita Mama Mwiko, na jina likamganda.

Alipostaafu, mwanawe alimchukua wakaishi pamoja. Mkwe wake, mshona nguo, alimpenda kama mama yake mzazi. Mama Mwiko akitaka tu kuinuka, mkwe ameshafika.

"Kaa, Mama. Umefanya kazi vya kutosha. Maji haya hapa."

Chai aliletewa. Viatu alivalishwa. Hata rimoti ya televisheni aliwekewa mkononi. Miaka mitatu ikapita hivyo, raha mustarehe.

Asubuhi moja mkwe alitoka kupeleka gauni la mteja. Mama Mwiko akaingia bafuni, akakaa kwenye kigoda, akaoga. Alipotaka kuinuka, miguu ikagoma. Akajaribu tena, ameshika ndoo. Ndoo ikateleza, maji yakamwagika. Akabaki pale, amelowa, anatetemeka, saa nzima na zaidi. Mkwe aliporudi alimkuta analia.

"Umeanguka, Mama?"

"Sijaanguka. Nimeshindwa kusimama tu. Basi tena, mwanangu. Uzee umeingia na mizigo yake yote."

Mkwe hakukubali. Kesho yake walikwenda kliniki. Daktari alimpima presha, sukari, moyo na magoti. Hakuona ugonjwa. Akawaelekeza chumba cha pili, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume wa miaka arobaini hivi.

Yule bwana alipomwona, aliruka kutoka kitini.

"Mama Mwiko! Shikamoo! Hunikumbuki?"

"Marahaba, baba. Nimelisha watoto maelfu. Nikumbuke yupi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa narudi na sahani mara tatu."

"Ala! Wewe! Tumbo lako lilikuwa halina mwisho!"

Wakacheka mpaka mkwe akacheka nao. Kisha mtaalamu akamkalisha Mama Mwiko kwenye kiti. Akamwomba akunje mikono kifuani, asimame na kukaa, tena na tena, kwa nusu dakika. Mama Mwiko alisimama mara nne tu. Pumzi ikamwishia.

"Nina miaka sabini na mbili," alisema. "Ulitaka nirukeruke?"

"Mama, miaka ya kitambulisho ni kitu kimoja. Umri wa mwili ni kitu kingine. Hiyo ya kitambulisho hatuwezi kuipunguza. Lakini mwili unaokaa tu huchakaa haraka zaidi. Mwili unaofanya kazi huchakaa polepole."

"Na huu wangu ulioshachakaa?"

"Misuli hupungua kadiri tunavyozeeka. Isipotumika, hupungua upesi. Lakini hata mzee wa miaka themanini akiifanyisha kazi, hupata nguvu tena. Hujachelewa."

Akamwonyesha la kufanya. Kiti imara kiegemezwe ukutani. Asimame na kukaa mara tano, apumzike, arudie. Ashike ukingo wa sinki, ainue visigino na kuvishusha taratibu. Kila siku atembee kidogo, pumzi iende mbio, lakini aweze kuongea. Ale maharage, mayai au samaki, kwa sababu misuli nayo inataka chakula.

"Na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu," alisema, "acha hapohapo, uje utuone."

Wiki ya kwanza mapaja yalimuuma. Wiki ya pili alitaka kuacha. Siku moja alikuwa anainuka kwenda kuchukua maji, mkwe akamwahi na glasi.

"Niache!" Mama Mwiko alifoka.

Mkwe akaweka glasi mezani, macho yamemjaa machozi. "Nimekukosea nini, Mama?"

Mama Mwiko akamshika mkono. "Hujanikosea, mwanangu. Hakuna aliyenitunza kama wewe, na ninakushukuru. Lakini kila unaponifanyia kila kitu, miguu yangu inasahau kazi. Nisaidie kwa kuniacha nijaribu."

Kuanzia hapo mkwe alibadilika. Akawa anakaa kwenye cherehani yake na kuhesabu kwa sauti: "Moja! Mbili! Hiyo hukusimama vizuri, Mama, haihesabiki!" Jioni walitembea pamoja, kwanza hadi kona ya mtaa, baadaye hadi sokoni na kurudi.

Baada ya miezi minne walirudi kliniki. Kwa nusu dakika, Mama Mwiko alisimama mara kumi na moja. Mtaalamu akapiga makofi.

"Asante, baba," Mama Mwiko alisema. "Umenirudishia miguu yangu."

"Wewe uliniwekea nguvu mwilini miaka saba, Mama. Leo nimepata nafasi ya kushukuru."

Mwezi uliofuata mkwe alishikwa na homa kali. Mumewe alikuwa safarini kikazi. Mama Mwiko ndiye aliyeita teksi, akampeleka hospitali, akampandisha ngazi huku amemshika kiuno. Nyumbani alimpikia supu, akamfulia shuka, akazianika mwenyewe. Siku ya tatu homa ilishuka. Mkwe alifungua macho, akamwona mama mkwe wake amesimama dirishani, anakunja shuka safi.

"Asante, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Bila wewe sijui ingekuwaje."

Mama Mwiko akaja, akamfunika vizuri.

"Mimi ndiye wa kushukuru, mwanangu," alisema. "Nilitamani sana siku moja nikutunze."